Hesabu ya Ugonjwa Haiishii Kwenye Mizoga

Swali ninaloulizwa mara nyingi, nikiwa mchumi wa afya ya mifugo, ni ugonjwa fulani unagharimu kiasi gani, na muulizaji kwa kawaida ameshahesabu mizoga. Lakini mnyama aliyepona naye anaweza kupungukiwa maziwa, kuchelewa kushika mimba, au kula miezi mingi bila kuongeza uzito. Kwenye hasara hiyo huongezwa matumizi ya chanjo, dawa, vipimo na karantini. Matumizi yakipanda hasara hushuka, ila kila nyongeza huokoa kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo, kwa magonjwa mengi, kiwango cha ugonjwa kinachomfaa mfugaji kifedha si sifuri. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilikuwa na hesabu tofauti: kinga ya chanjo yake ilidumu maisha yote ya mnyama, na ugonjwa ulipokwisha chanjo nayo ilikoma.

Ugumu ni kwamba hesabu ya mfugaji huishia kwenye uzio wake. Anayechanja humkinga pia jirani asiyechangia chochote, na anayekimbiza mifugo mnadani baada ya kuona dalili huwauzia wengine hasara yake. Ugonjwa wa miguu na midomo huua wanyama wazima wachache tu, lakini mlipuko wa mwaka 2001 nchini Uingereza ulisababisha kuchinjwa kwa wanyama zaidi ya milioni 6 na gharama ya takriban pauni bilioni 8, nyingi zikiwa za sekta binafsi, ukiwemo utalii, ambao haukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Hapo ndipo fidia, yaani malipo ya serikali kwa mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ugonjwa, inapoingia, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayopangwa kwa uzembe zaidi. Fidia ikiwa ndogo mno, mfugaji huficha ugonjwa. Ikizidi bei ya soko, hulegeza tahadhari, kwa kuwa mnyama mgonjwa anamlipa kuliko mzima. Mimi ningelipa karibu na bei ya soko kwa mnyama aliyeripotiwa angali hai, na pungufu sana kwa aliyekwisha kufa, ili kila siku ya kunyamaza imgharimu mwenyewe. Tena ningelipa haraka, maana fidia inayotarajiwa mwakani, machoni pa mfugaji mwenye deni la mwezi huu, ni ndogo kuliko bei ya kutupa atakayopewa mnadani kesho.