Kondoo wa Kimaasai si "kondoo duni"

Wafugaji wengi Kenya na Tanzania huamini kondoo mwekundu wa Kimaasai hana faida kwa kuwa hukua polepole kuliko Dorper, kondoo wa nyama wa Afrika Kusini. Ni kweli Dorper huwa mzito. Kosa ni kupima mnyama mmoja kwenye mizani na kulisahau kundi zima.

Mvua zikinyesha, majani mabichi hujaa viluwiluwi vya minyoo ya tumbo inayofyonza damu. Mfunue kondoo kope la chini: likiwa jeupe badala ya wekundu, damu imepungua sana. Taya likivimba kwa chini, hali ni mbaya. Hapo Dorper hufa wengi, hasa wanakondoo, na majike yaliyodhoofika huzaa kwa shida. Kondoo wa Kimaasai huistahimili minyoo hiyo kwa kinga ya kuzaliwa nayo. Utafiti wa miaka ya 1990 huko Diani, pwani ya Kenya, ulionyesha kundi lake likizalisha zaidi ya la Dorper, kwa sababu wanakondoo wengi walifikia umri wa kuuzwa.

Kwenye ukavu wenye minyoo michache, Dorper ana nafasi yake. Lakini tafadhali, usiuze madume yako yote mekundu.