Rottweiler wa Mbezi na mnyororo wa mita mbili

Mteja wangu wa Mbezi alinipigia Jumapili asubuhi: "Dokta, njoo umchome sindano afe. Kamrarua kijana anayetuletea maji."

Nilimkuta mbwa dume wa aina ya Rottweiler, kilo 50 hivi, kafungwa nyuma ya banda la kuku. Pale mnyororo ulipoishia palikuwa na duara lililochimbika kwa kuzunguka. Tangu ana miezi miwili hajawahi kuvuka geti.

"Si ndiyo asili yao, Dokta?"

Asili yao ni mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako walikuwa wakiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000: aina ya mbwa ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia. Uingereza wao wanapiga marufuku mbwa kwa aina tangu 1991, na mwishoni mwa 2023 wakaongeza aina nyingine, XL Bully. Sibezi hofu yao. Mbwa koko akikosea unafunga bandeji. Huyu akikosea, mfupa unavunjika. Ila ukipima kichwa na mabega ya mbwa, hujajua kalelewa vipi.

Malezi yenyewe yana msimu: wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Hapo ndipo kitoto cha mbwa kinajifunza kipi ni cha kawaida. Sasa sisi tunakinunua, tunakificha bandani "kisizoee watu", kikikua kila kigeni ni adui: mwavuli, ndoo ya maji kichwani, mtoto anayekimbia. Chanjo hazijakamilika? Kibebe mkononi, kaa nacho karibu na kijiwe cha bodaboda, kisikie kelele.

Halafu kunguruma. Huyu alikuwa akinguruma, na kila akinguruma alichapwa, mpaka akaacha. Nyumba nzima ikaamini katulia. Kijana wa maji aliniambia, "Hakutoa hata sauti, na mkia alikuwa anautikisa." Namwamini. Mbwa anayeganda, mdomo kaufumba, weupe wa jicho unaonekana, huyo anakuonya, hata kama mkia unatikisika. Kunguruma ndiyo kengele yake. Waliing'oa kwa fimbo.

Jeraha tulikuta limefungwa kitambaa tu. Tukalifungua, tukaliosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha kijana akaenda hospitali kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kadi ya chanjo ya mbwa ilikuwa imepitwa na wakati (huwa naiuliza kabla ya salamu), kwa hiyo sindano ya kifo niliikataa: tulimtenga siku 10 tumwangalie kama ana kichaa. Hakuonyesha dalili.

Siku ya 11 tukaanza kumzoesha kifunga mdomo, tukipaka dagaa za kusaga ndani yake. Mwenye mbwa alinivuta pembeni: "Lakini Dokta, hatapoteza ukali, wezi wakija?" Nikamwambia abweke tu, inatosha. Uwani sasa wamezungushia wavu, na mnyororo ule wanafungia pikipiki.