Umejuaje?

Habari ikifika mezani kwangu, sianzi na lugha. Nachukua kalamu, napita sentensi moja baada ya nyingine, na pembeni mwa kila dai naandika swali lile lile: umejuaje? Mwandishi hukaa kando yangu akajibu. Hili nililiona kwa macho yangu. Hili nimelisoma kwenye hati, hii hapa. Hili kaniambia mtu aliyekuwepo. Hili... na hapo sauti hupungua. Nimehariri habari kwa miaka mingi, na sasa naisikiliza zaidi hiyo sauti inayopungua kuliko maneno yenyewe.

Kiswahili kina kichaka kizuri cha kujifichia: inasemekana, imeelezwa kuwa, imebainika, inadaiwa. Vitenzi hivi vyote humficha mtendaji, na mwandishi aliyechoka huvikimbilia. Kwangu "inasemekana" haipiti. Nani kasema? Kama anajulikana, atajwe, au msomaji aelezwe kwa nini hatajwi. Kama hajulikani, hiyo bado ni fununu, na fununu ni ya kuanzia kazi. "Imebainika" ina hatari kubwa zaidi, maana humwambia msomaji kuwa jambo limekwisha kuthibitishwa, wakati pengine mtu mmoja tu kalitamka mbele ya maikrofoni.

Vitenzi vya kunukuu navyo hupendelea watu. "Alisema" haimwegemei yeyote. "Alidai" humtia mtu shaka, "alikiri" humtwisha kosa, na "alifafanua" humpa haki ya kuaminika. Nimewahi kuletewa habari ambamo kiongozi "alibainisha" na mkosoaji wake "alidai", ilhali hakuna kati yao aliyetoa ushahidi wowote. Mwandishi alinieleza kuwa alikuwa anakwepa kurudia "alisema". Nikamwambia arudie, hata mara kumi. Na aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Asiitwe mwizi kabla mahakama haijamtia hatiani. Tofauti hiyo ni ya neno moja, lakini kuna jina la mtu na familia yake nyuma ya neno hilo.

Sasa vyanzo. Watu wengi wamesikia kwamba habari nzito inahitaji vyanzo viwili, na kanuni hiyo ni nzuri, ila kuhesabu vichwa hakutoshi. Niliwahi kupitisha habari ya mtu kuondolewa madarakani, yenye vyanzo viwili vilivyokubaliana mpaka kwenye maneno. Kukubaliana huko ndiko kulikopaswa kunishtua. Wote wawili walikuwa wamesimuliwa na mtu yule yule, naye alikuwa ameelewa vibaya alichosikia kikaoni. Tulikuwa na chanzo kimoja chenye midomo miwili. Yule tuliyemwandika alikuwa bado ofisini kwake, na mimi ndiye niliyempigia simu kumwomba radhi. Tangu siku hiyo nauliza kwa hatua mbili: wewe umejuaje, na aliyekuambia alijuaje?

Hata walio bora huteleza hapo. Tarehe 25 Oktoba 1972, wakiwa katikati ya kufichua Watergate, kashfa ya kisiasa iliyokuja kumwangusha Rais Nixon wa Marekani, Bob Woodward na Carl Bernstein wa gazeti la Washington Post waliandika kwamba aliyekuwa mweka hazina wa kampeni ya Nixon, Hugh Sloan, aliliambia jopo la uchunguzi la mahakama kuwa H. R. Haldeman, msaidizi mkuu wa rais, alikuwa na mamlaka juu ya mfuko wa siri wa fedha za kampeni. Ili kuthibitisha, Bernstein alimpigia mwanasheria mmoja wa serikali aliyeogopa kusema lolote. Wakakubaliana hivi: Bernstein atahesabu hadi 10, kama habari ina kosa, yule akate simu kabla hajafika. Akahesabu, simu haikukatwa, habari ikachapishwa. Kumbe mwanasheria hakuwa ameyaelewa maelekezo. Haldeman kweli alihusika na mfuko ule, lakini Sloan hakuwa amelisema hilo mbele ya jopo, kwa sababu hakuulizwa. Kiini kilikuwa sahihi, chanzo kilitajwa vibaya, na Ikulu ikapata fimbo ya kulichapia gazeti zima. Kisa hiki huwa nawasimulia waandishi wapya ili wajue kwamba kimya cha mtu kwenye simu hakithibitishi kitu.

Chanzo kinachozungumza kwa sharti la kutotajwa jina nakipokea, kwa sababu kuna ukweli usiotoka kwa njia nyingine. Lakini lazima mhariri mmoja, mbali na mwandishi, amjue mtu huyo ni nani, na lazima tujiulize anapata nini habari ikitoka. Tarehe 15 Novemba 2022 shirika la habari la Associated Press lilitangaza, kwa kumnukuu afisa mmoja wa ujasusi wa Marekani asiyetajwa, kuwa makombora ya Urusi yamevuka hadi Poland na kuua watu wawili. Poland ni mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi ambao nchi zake zimeahidi kulindana, kwa hiyo sentensi ile ilikuwa na uzito wa vita. Siku iliyofuata shirika lilisahihisha: makombora yalitengenezwa Urusi, lakini yaelekea yalirushwa na Ukraine katika kujihami. Kanuni za shirika lenyewe kwa kawaida hudai chanzo zaidi ya kimoja pale jina linapofichwa. Haraka iliishinda kanuni.

Na hati? Hati huvaa nguo za kuaminika, zenye nembo, saini na namba ya simu chini. Tarehe 22 Novemba 2016 Bloomberg, shirika la habari za fedha, ilipokea taarifa iliyojifanya imetoka kwa Vinci, kampuni kubwa ya ujenzi ya Ufaransa, ikisema hesabu zake zina dosari na mkurugenzi wa fedha amefukuzwa. Vichwa vya habari vikarushwa papo hapo. Hisa za Vinci zikaporomoka kwa karibu asilimia 18 ndani ya dakika chache, kabla haijajulikana kuwa taarifa ni ya kughushi. Mwaka 2019 mdhibiti wa masoko ya fedha wa Ufaransa aliitoza Bloomberg faini ya euro milioni 5, ambayo baadaye ilipunguzwa na mahakama ya rufaa. Kwangu utaratibu ni mwepisi na hauna msamaha: usipige namba iliyo kwenye taarifa yenyewe, piga ile uliyokuwa nayo tangu zamani.

Picha na video naziacha kwa siku nyingine.

Kigumu kuliko vyote ni kumhakiki mtu unayempenda na kumwamini, yaani mwandishi wako hodari. Jarida la Der Spiegel la Ujerumani lina idara ya uhakiki iliyosifika duniani kwa ukubwa, na bado mwaka 2018 lilitangaza kuwa mwandishi wake mwenye tuzo nyingi, Claas Relotius, alikuwa akibuni watu na matukio. Mwenzake, Juan Moreno, ndiye aliyemfichua, na mwanzoni wakubwa hawakumsadiki. Wahakiki wanaweza kukagua mwaka, umbali na tahajia. Mazungumzo ya watu wawili chumbani hayamo kwenye kumbukumbu yoyote. Ndiyo maana naomba daftari, sauti iliyorekodiwa na namba ya aliyehojiwa, na naomba kwa wote, aliyeanza jana na mwenye tuzo, ili kuombwa kusigeuke kuwa tuhuma.

Kosa likitoka, tunalisahihisha kwa kutaja tulichokosea na kilicho sahihi, mahali ambapo aliyesoma kosa ataliona sahihisho. Kufuta kimyakimya kwenye tovuti siruhusu. Wala kosa halichakai: tarehe 20 Januari 1853, New York Times liliandika habari ya Solomon Northup, Mmarekani mweusi huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, na likakosea jina lake kwa namna mbili tofauti, moja kwenye kichwa cha habari na nyingine ndani. Machi 2014 msomaji mmoja aliligundua kosa hilo kwenye kumbukumbu za gazeti akalisema mtandaoni. Baada ya miaka 161, gazeti likachapisha sahihisho, na jina lake likaandikwa jinsi lilivyo.