Kidonda cha mguu wa kisukari hakilindwi na tyubu ya antibayotiki

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kliniki ya miguu ni hili: "Daktari, nipake nini kidonda kisije kikaoza?" Mara nyingi anayeuliza ameshapaka. Ana tyubu ya mupirosini au gentamaisini mkobani, au kidonda chenyewe kimejaa unga wa vidonge vya rangi mbili, kapsuli imepasuliwa na kunyunyiziwa juu kama alivyoelekezwa na jirani. Jibu langu halibadiliki. Kama kidonda hakijapata maambukizi, usipake antibayotiki ya aina yoyote. Haizuii maambukizi wala haiharakishi kupona.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, uliotolewa kwa pamoja na IWGDF, jopo linaloshughulikia mguu wa kisukari, na IDSA, chama cha Marekani cha magonjwa ya kuambukiza, unasema hivyo hivyo: kidonda kisicho na dalili za maambukizi kisipewe antibayotiki, ya kumeza wala ya kupaka.

Wagonjwa hushangaa, kwa sababu wamesikia kidonda kina bakteria. Ni kweli, kinao. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria juu yake, ndiyo maana kipimo cha pamba kitawaonyesha hata pale ambapo hakuna ugonjwa. Maambukizi huanza bakteria wanapoingia kwenye nyama hai na mwili ukaanza kupambana nao. Mafuta ya antibayotiki yanabaki juu. Hayapenyi sugu, yaani ngozi iliyokomaa na kuwa ngumu, wala ule utando wa njano wa nyama iliyokufa, na bakteria wanaojenga utando wao wenyewe juu ya kidonda wanajificha humo. Wanaokufa ni wale dhaifu. Wanaobaki ni wale waliozoea dawa. Nyingine, kama neomaisini, huweza kuleta mzio wa ngozi, kidonda kikazungukwa na wekundu na muwasho, mtu akadhani kimeoza.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kutafuta dawa bora zaidi. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Michael Zasloff, alitangaza kugundua kwenye ngozi ya chura wa Afrika, Xenopus laevis, kemikali zinazoua bakteria. Alikuwa amejiuliza kwa nini vyura waliopasuliwa na kurudishwa kwenye maji machafu walipona bila kuoza. Kutokana na kemikali hizo ikatengenezwa krimu iitwayo peksiganani, maalumu kwa vidonda vya miguu ya kisukari vyenye maambukizi madogo. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikataa. Ikajaribiwa upya, na mwaka 2016 majaribio makubwa yakaonyesha haikuishinda krimu isiyo na dawa ndani yake. Mwaka huo huo sponji ya kolajeni yenye gentamaisini nayo ikashindwa. Mimi nilitamani sana zifaulu, maana krimu ingefika hata kwenye zahanati ya kijijini.

Kinacholinda kidonda ni kukiondolea uzito. Mgonjwa mwenye ganzi ya miguu iliyoletwa na kisukari anakanyaga pale pale penye jeraha kutwa nzima bila kuchechemea, kwa sababu hasikii. Nikichukua kisu kidogo na kupunguza sugu chini ya kidole gumba, kidonda kilichoonekana kama punje ya mahindi kinafunguka hadi ukubwa wa sarafu, na chini ya kingo hutoka majimaji yaliyokuwa yamefungiwa. Tyubu nzima ingeishia juu ya sugu ile. Kazi hiyo ni ya kliniki, usiifanye nyumbani kwa wembe.

Baada ya hapo mguu unahitaji kifaa kinachofika karibu na goti, kisichovulika, kama plasta ngumu, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, iliyofinyangwa kuufuata mguu. Njia hiyo imetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Paul Brand, daktari wa wagonjwa wa ukoma nchini India na baadaye Marekani. Kabla ya kuifunga tunahakikisha damu inafika vizuri vidoleni na hakuna maambukizi makali. Pasipo plasta, tumia magongo na kiatu ulichopewa kliniki, na kandambili uziweke kando. Sukari nayo ishuke. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya chumvi ya hospitali au maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifungwe kwa bandeji safi. Usiloweke mguu kwenye beseni.

Dalili za maambukizi ni hizi: uvimbe au ugumu, joto, maumivu, usaha, na wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda. Ukiona mbili kati ya hizo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Huonekana kama weusi uliokolea, au zambarau, au ngozi iliyovutika ikang'aa. Maumivu nayo huenda yasiwepo kabisa kwa sababu ya ganzi. Kwa hiyo amini joto. Weka mgongo wa kiganja juu ya mguu mmoja, kisha mwingine, mahali pale pale, kila asubuhi. Kama vidole vyako navyo vina ganzi, mwanao au mwenzi wako akupimie. Harufu mbaya, kidole kuwa cheusi, homa, au sukari kupanda bila sababu ni dharura.

Maambukizi yakishaingia, hapo antibayotiki ina kazi yake, lakini ya kumeza au ya mshipa. Ikibidi, daktari huchukua kipande cha nyama baada ya kusafisha kidonda, akipime kujua bakteria gani yupo. Mwambie ulichopaka, hata kama ni asali au unga wa kapsuli. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani na dawa, chora kwa kalamu ya wino mpaka wa uvimbe kwenye ngozi, uandike na saa. Uvimbe ukivuka mstari ule, rudi hospitali, hata kama ni usiku wa manane na dozi haijaisha.