Kabla hujajenga kituo cha yoga Paje au Jambiani

Wateja wengi wanaonijia na wazo la kujenga kituo cha yoga na mapumziko mashariki ya Unguja huja na picha za Bali: kumbi za mianzi iliyopinda, paa refu, hakuna kuta. Nazipenda picha hizo. Green School ya Bali, iliyofunguliwa mwaka 2008, imetufundisha wasanifu mengi kuhusu nguvu ya mianzi. Lakini mianzi ile inaota hukohuko, na kuna mafundi wanaojua kuiloweka kwenye maji ya boraksi ili wadudu wasiitoboe. Sisi tuna jiwe la matumbawe, minazi na mivinje. Kuleta mianzi kwa meli ili jengo lionekane rafiki wa mazingira hakuna maana, na huwa nasema hivyo siku ya kwanza.

Kazi yangu huanza na upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Katika fukwe hizi pepo zote mbili hutokea upande wa baharini, kwa hiyo ukumbi ulio wazi hauhitaji feni hata moja. Shida ni kusi ya Julai. Mtu aliyelowa jasho, akilala chali mwishoni mwa darasa, atatetemeka badala ya kupumzika. Ndiyo maana upande wa kusini-mashariki naweka ukuta wa matumbawe wa sentimita 90 hivi. Aliyesimama anapata upepo, aliyelala anapitiwa kwa juu.

Jua nalo lina yake. Kila mwalimu anataka wanafunzi wake waitazame bahari alfajiri, na kwa muda mfupi inapendeza kweli. Ikifika saa moja, jua linawapiga usoni. Mimi naipanga mikeka ielekee kaskazini au kusini, bahari ibaki ubavuni, na upenu wa mashariki naushusha hadi mita 2 kutoka sakafuni.

Kwa paa la ukumbi sijaona kinachoyashinda makuti. Hewa ya moto inapenya na kutoka yenyewe, na wakati wa masika mwalimu anasikika bila kipaza sauti, jambo ambalo chini ya bati haliwezekani. Mteremko uwe digrii 45. Paa likilala, maji yanachelewa kushuka na makuti yanaoza. Jingine ni kubanana: fundi mwenye haraka huacha nafasi kubwa kati ya kuti na kuti, na kwa nje huwezi kuliona kosa hilo. Ingia ndani mchana uangalie juu. Ukiona vitone vya mwanga, paa hilo halitadumu. Na kwa kuwa mishumaa na vyetezo vya udi ni sehemu ya maisha ya vituo hivi, jiko liwe mbali, upande wa magharibi, ambako pepo zote mbili zitazipeleka cheche nje ya kiwanja.

Kuta nazijenga kwa matumbawe na chokaa, kama wazee walivyojenga. Chokaa huacha ukuta upumue. Ukipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu unanaswa ndani, chumvi inachanua kama unga mweupe na plasta inabanduka. Subira inahitajika, maana chokaa hukauka polepole. Mteja anayetaka kufungua mwezi ujao hataipenda.

Yote hayo bado ni mepesi. Kinachonikosesha usingizi ni maji.

Chini ya fukwe hizi maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba wenye matundu. Kanuni yake ni rahisi na inatisha: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Pampu ikishusha usawa wa kisima kwa sentimita 10 tu, baada ya muda maji ya chumvi yanaweza kupanda karibu mita 4. Sasa hesabu mabafu, masaji, mashuka ya kila siku, na bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini. Kisima cha jirani kinaharibika kabla ya chako.

Kwa hiyo nakinga mvua. Makuti hayafai kwa kazi hiyo, maji yake hutoka ya kahawia yenye takataka. Nafanya vyumba vya kulala au stoo ziwe na paa la bati, na chini yake birika la kuchimbiwa. Tuseme mvua ni milimita 1,000 kwa mwaka: paa la mita za mraba 200 linapokea lita 200,000, na hata ukipoteza moja ya tano unabaki na lita 160,000. Bwawa nalikataa, na nimeshapoteza kazi kwa kulikataa.

Maji taka ndiyo yanayosahaulika zaidi. Shimo la kawaida kwenye mwamba wa matumbawe halichuji kitu, uchafu unapita kwenye matundu hadi visimani na baharini, pale pale wanawake wa vijiji hivi wanapolima mwani, kilimo kilichoanza hapa mwaka 1989. Naweka tangi lisilovuja, kisha bustani ya matete yenye kokoto na sakafu iliyozibwa, ndipo maji yaende kwenye migomba. Katika makadirio ya gharama sehemu hii naiandika mwanzo kabisa na fedha zake zinatengwa kabla ya msingi kuchimbwa. Bajeti ikipungua katikati ya ujenzi, tunapunguza vyumba.