Je, wajua kwa nini programu ya RPG, lugha ya IBM ya kutengenezea ripoti, inazunguka yenyewe bila kuandikiwa lupu, yaani amri ya kurudia?

Kama umezoea Python au Java halafu siku moja ukafungua programu ya zamani ya RPG, utachanganyikiwa kidogo: inasoma faili zima rekodi moja moja, inapiga jumla, inatoa ripoti, na humo ndani hakuna popote palipoandikwa fungua faili, soma, rudia. Kumbe lupu ipo, ila imejengwa kwenye lugha yenyewe, we unajaza tu nini kifanyike zamu ikifika.

RPG ililetwa na IBM mwaka 1959, enzi za kompyuta ya 1401, na maofisi mengi yaliyolengwa yalikuwa tayari yana mashine za kadi za matundu kama ile IBM 407. Mashine zile hazikuwa na programu, zilikuwa na ubao wa kuchomeka waya, na kazi ni ile ile: vuta kadi, soma, jumlisha, chapa, vuta nyingine mpaka kadi ziishe. RPG ikaiga huo mwendo mzima mzima ili watu wa waya wasipate tabu kuhamia kompyuta.

Utamu upo kwenye mpangilio sasa. Tuseme unataka jumla ya mauzo ya kila tawi, una kadi tatu za tawi 10 kisha zinafuata za tawi 20. Utajuaje tawi 10 limeisha? Hujui, mpaka uione kadi ya kwanza ya 20. Basi mzunguko unaisoma hiyo kadi, unaona namba imebadilika, unawasha indiketa L1 (alama ya ndani ya kuwaka au kuzima, hii ikisema kundi limebadilika), ila data zake zinasubiri pembeni kwanza, hesabu za 10 zinafungwa na jumla inachapwa, ndo kadi ya 20 inahudumiwa. Wageni huona kama mambo yamepinduliwa, mi naona ni akili sana. Raundi ya kwanza kabisa jumla inarukwa, maana hakuna kundi lililotangulia.

Rekodi zikiisha inajiwasha LR, indiketa ya rekodi ya mwisho, na zile za makundi, L1 mpaka L9, zinawaka nayo, jumla za mwisho zinatoka, mafaili yanafungwa. Siku hizi kwenye IBM i, mfumo wa uendeshaji wa IBM, wengi wanaandika lupu zao wenyewe, lakini mwishoni bado utakuta *INLR = *ON, yaani LR inawashwa kwa mkono, na kama programu haina faili la msingi (lile ambalo mzunguko unalisoma wenyewe), ukaisahau hiyo na hujaweka ritani, amri ya kurudi ilikoitwa, popote, kompaila inayotafsiri programu inagoma, inakwambia haioni programu itaishaje.