"Maoni ya mtoto" maana yake nini?

Nimesoma tena taarifa ya utafiti wa afya yenye kichwa kidogo "Maoni ya watoto", na chini yake yamejaa maneno ya mama zao. Mama anamjua mwanawe, sikatai. Ila hayo ni maoni ya mama. Ya mtoto mwenyewe yana njia zake.

Mbinu bunifu za kusikiliza watoto wadogo ni njia za kumwezesha mtoto aonyeshe anavyoiona hali yake bila kukalishwa na kuhojiwa: anachora, anacheza na wanasesere, anapiga picha, au anamshika mtafiti mkono na kumtembeza wodini. Maana yake ni hiyo tu.

Shida iko kwenye neno lenyewe. Maoni yanatokana na kuona. Ni ndugu wa maono na mwonekano, na katika mzizi wake hamna mdomo wala ulimi. Sisi tumelifinya likawa yale mtu anayoyasema akiulizwa, kisha tunamtazama mtoto wa miaka mitatu aliyenyamaza na kuamua kwamba hana maoni. Anayo. Akiona trei ya sindano akaficha mkono mgongoni, ameshayatoa. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 haukufungwa kwenye maneno: ibara ya 12 inataka maoni ya mtoto yapewe uzito, na ibara ya 13 inataja sanaa na njia nyingine yoyote atakayoichagua mwenyewe. Mwaka 2009 kamati inayosimamia mkataba huo ilitaja waziwazi mchezo, ishara za mwili, sura ya uso na michoro.

Kuna na kosa jingine, nalo linaniuma zaidi kwa sababu hufanywa na watu wenye nia njema: kuchukua mchoro na kuusoma wenyewe. Tuseme mtoto amechora kitanda cha hospitali, na juu yake duara kubwa jeusi. Mtafiti anaandika "hofu". Angechuchumaa na kumwambia, "Hebu nieleze hapa umechora nini," huenda angeambiwa kwamba ile ni taa, imezimwa, na taa ikizimwa ndipo mama huja kulala naye. Weusi ule ndio saa njema kuliko zote za siku yake. Kukusanya michoro ni kusikia. Kusikiliza kunaanza pale unapomuuliza mwenye mchoro. Kiswahili kimeyatenganisha maneno hayo mawili kwa sababu: mlango ukigongwa unausikia hata usipotaka, lakini hakuna anayesikiliza bila kukusudia.

Zile nyuso sita za kuchorwa za Wong na Baker, kutoka inayotabasamu hadi inayolia, ambazo mtoto huonyeshwa achague inayolingana na anavyoumia, ni kipimo kizuri cha maumivu. Hata hivyo, nyuso hizo anazikuta tayari zimechorwa, na mtoto anaonyesha mojawapo tu. Huwezi kujua kutoka hapo kwamba kilichomkera ni kuvuliwa shati mbele ya wageni.

Kwa hiyo, ndugu mtafiti, ukimuuliza mama andika "maoni ya mama kuhusu mtoto". Ukiusoma mchoro mwenyewe, andika "tafsiri ya mtafiti". Na mtoto akiisukuma karatasi pembeni asitake kuchora, liandike hilo pia, chini ya kichwa kile kile cha maoni ya watoto.